Sleji Iliyofunikwa Blanketi

Kila asubuhi, kabla hajainjika maji ya chai, Dative alikuwa akifungua mlango wa roshani kidogo tu, akapenyeza mkono nje na kushika ukingo wa chuma kwa kiganja kitupu. Chuma kikiwa na unyevu, alifurahi, akaufunga mlango na kuanza siku yake kwa moyo mwepesi. Kikimng'ata, ngozi ikataka kubakia pale, alijua kwamba kule bondeni barafu imeshika sawasawa, na kwamba jioni, akitoka shule, mwanawe ataichukua sleji yake, kile kigari kisicho na magurudumu, na kwenda kuteleza.

"Mama, funga mlango!" Carmel, binti yake, alipiga kelele kutoka chini ya mablanketi. "Unataka kuipasha moto Toronto nzima?"

Watu wote wa mtaa wa Thorncliffe Park waliomba joto kwa ajili ya miguu yao. Dative aliliomba kwa ajili ya mtoto. Majira ya baridi ya mwaka ule wa 1996 hayakumsikiliza. Wiki baada ya wiki chuma kilimng'ata.

Alikuwa mjane, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba yao moja ng'ambo ya bonde, na kazi hiyo aliiweza, maana alikuwa na mikono mipole na hakuwa na haraka. Mumewe, Bonaventure, alitoka asubuhi moja wakati wa vita kutafuta unga, akasema anarudi sasa hivi. Hakurudi. Dative alifika Kanada na mfuko mmoja na mtoto mmoja, na tangu hapo hesabu yake ya maisha ilikuwa rahisi: mfuko ukipotea utanunuliwa mwingine.

Aliyempeleka Carmel bondeni mara ya kwanza alikuwa Naheed, binti wa Mzee Abdulsultan mwenye duka la misumari na rangi. Mzee huyo alikuwa Mwismaili kutoka Moshi, mtu wa maneno mengi na kicheko cha haraka. Naheed alizaliwa huku huku Toronto, lakini alikuwa na Kiswahili cha jikoni alichokirithi kwa bibi yake. Alikuwa akiwafundisha watoto wageni hesabu baada ya shule, na siku moja, somo lilipokwisha, akamwambia Carmel, "Njoo nikuonyeshe kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa njia ya barafu. Zamani Waaustria na Wafini waliohamia mjini waliichagua ile miteremko iliyo chini ya maghorofa, wakaanzisha klabu yao ndogo, na kila mwaka theluji ikianguka wanachama waliishindilia kwa sepetu na kuimwagia maji kwa mpira mpaka ikawa ngumu na ya rangi ya samawati kama kioo cha chupa. Njia ilishuka katikati ya misonobari, ikapinda mara kadhaa, na kona iliyokuwa mbaya kuliko zote Mzee Abdulsultan aliipa jina la Sufuria, kwa jinsi ilivyokuwa ya mviringo na yenye kuta za juu. Mtelezaji alilala chali juu ya sleji ya mbao yenye vyuma viwili chini yake, miguu mbele, akishuka bila kuona chochote isipokuwa mbingu na ncha za viatu vyake.

Mara ya kwanza Dative kuliona jambo hilo, aliketi kwenye theluji bila kukusudia.

Alijaribu kukataza. Carmel, aliyekuwa na miaka kumi na sita na urefu wa kumzidi mama yake, hakugomba. Alimkalisha mama yake kitini, akamwambia polepole, "Mama, unajua mimi ninavyoogopa."

Dative alijua. Huyu ndiye mtoto aliyeingia chini ya meza mara ya kwanza fataki zilipopigwa mjini, akakaa humo mpaka asubuhi. Lifti ikikwama kidogo, jasho lilimtoka. Mlango ukigongwa kwa nguvu, aliacha kupumua.

"Kule pekee siogopi," Carmel alisema. "Sijui kwa nini. Nikilala juu ya sleji, kichwa kinanyamaza."

Mama atasema nini tena hapo? Dative akaubeba woga wa watu wawili.

Akawa anakwenda bondeni kila siku ya mapumziko, maana kukaa nyumbani asione kulimtesa zaidi. Mzee Abdulsultan akawa mfasiri wake. Alimweleza mambo ya klabu huku akimpa chai ya maziwa yenye tangawizi kutoka kwenye chupa yake. Lililomshangaza Dative zaidi lilikuwa desturi yao ya asubuhi ya mashindano. Washindani wote walipanda njia kwa miguu, kutoka chini mpaka juu, bega kwa bega, na aliyeona ufa au mahali palipolegea aliita kwa sauti ili wote wasikie.

"Sasa hawa wanashindana au wanasaidiana?" Dative aliuliza.

"Vyote viwili, Mama Carmel."

"Mimi ningeuona ufa ningefunga mdomo."

"Ah, usingefunga!" mzee alicheka. "Ungefunga mara moja, halafu ungesikia mtoto wa mwenzio anapiga kelele. Mara ya pili ungeita kuliko wote."

Siku nyingine alimwonyesha kipimajoto. Kabla ya mbio kila sleji ililazwa kwenye theluji na vyuma vyake vikapimwa, kwa sababu chuma chenye joto huyeyusha barafu kidogo na kuteleza upesi kuliko kilichopoa. Kupasha vyuma moto ni wizi, mzee alisema, na hapo hakucheka.

"Na kama ni bahati mbaya tu?"

"Hata kama ni bahati mbaya. Vyuma vikizidi kiwango, sleji inatolewa siku hiyo. Ndiyo maana Carmel hulaza yake roshani, umeona? Haingii ndani ya nyumba."

Dative aliitikia kwa kichwa. Wakati ule hakuwa na nia yoyote. Maneno yaliingia tu, yakakaa.

Kisha Jumamosi moja binti mmoja mrefu, mwenye nywele za rangi ya majani makavu, alitupwa nje na Sufuria. Dative alikuwa amesimama hapo hapo kwenye kamba. Alisikia sleji ikija kama nyuki wengi, akaiona ikipanda ukuta wa barafu, ikapanda, ikapanda zaidi, halafu ikawa tupu. Binti alianguka kwenye mizizi ya msonobari. Mfupa wa mtulinga, pale begani, ulitoa sauti kama ya kijiti kinachovunjwa gotini. Carmel alikuwa miongoni mwa waliokimbia kumbeba, na alipopita mbele ya mama yake, huku ameshika miguu ya mwenzake, uso wake haukuwa na hofu hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha Dative kuliko mfupa.

Wiki nzima hakulala vizuri. Kazini, mama mmoja mzee aliyekuwa akimlisha uji alimshika mkono na kumwambia, "Wewe binti, kijiko chako kinacheza ngoma." Dative alitabasamu, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Siku saba baada ya ajali kulikuwa na mashindano makubwa ya mwaka. Msichana atakayeshinda angepelekwa Calgary mpaka mwisho wa majira kufunzwa kwenye njia ya kweli, ya zege, iliyo ndefu kuliko hii ya bondeni na yenye kasi ya kutisha. Nafasi ilikuwa moja, na wote walijua kwamba ni ya Naheed au ya Carmel.

Asubuhi ya mashindano Dative alishika ukingo wa roshani, na chuma kikamng'ata mpaka machozi yakamtoka.

Carmel alikwishatangulia ili apande njia na wenzake. Sleji aliiacha roshani, imeegemea ukuta. Mzee Abdulsultan angepita na pikapu yake kuwachukua, mama na sleji, kama alivyozoea.

Dative alisimama katikati ya sebule. Kimya cha fleti kilimlemea. Aliisikia tena ile sauti ya kijiti. Alimwona Carmel kwenye mizizi ya msonobari, kichwa kimegeukia upande usio wake. Akasema kwa sauti, bila kujua anamwambia nani, "Leo hapana. Leo tu, hapana."

Akafungua mlango, akaiingiza sleji ndani.

Aliilaza juu ya hita, vyuma chini. Vilianza kulia polepole, tik, tik, kama kitu kinachoamka, na kila mlio ulimshtua kama mtu anayebisha hodi. Alichemsha maji, akajaza mfuko wa mpira aliokuwa akiuweka miguuni usiku, akaufunga katikati ya vyuma kwa kanga, kisha akaivingirisha sleji yote ndani ya blanketi nene. Fundo alilifunga mara tatu. Hakujisikia mwizi. Alijisikia kama anamficha mtu.

Ndani ya lifti jirani mmoja alitazama mzigo ule alioukumbatia, akacheka. "Mtoto gani huyo mrefu hivyo? Ataamka saa ngapi?"

"Mwache alale," Dative alijibu.

Mzee Abdulsultan alitaka kuiweka sleji nyuma ya pikapu. Dative alikataa, akaketi nayo mapajani, ncha zake zikigusa kioo. Walipoukaribia mteremko alipenyeza mkono ndani ya blanketi, akauchomoa mfuko wa maji na kuuzamisha kwenye mkoba wake.

"Umeifunika?" mzee aliuliza, macho yake barabarani.

"Baridi," Dative alisema.

Mzee hakusema neno. Kwa mtu kama yeye, hilo lilikuwa jambo la kuogopesha.

Juu ya mteremko watu walikuwa wengi, pumzi zao zikipanda kama moshi. Mpimaji siku ile alikuwa Mfini mmoja mwenye ndevu zilizoganda. Alilifungua blanketi, akagusa chuma kwa kidole kabla hata ya kipimajoto, akainua nyusi. Kisha akapima. Akapima tena upande wa pili. Akatikisa kichwa.

Watu walisogea. Mmoja akasema kwa Kiingereza, "Ameilaza kama mtoto mchanga!" na kicheko kikapita, kicheko kisicho na ubaya, cha watu waliomhurumia mama aliyetoka nchi za jua. Wao waliona blanketi wakaona upendo na ujinga. Hawakuona zaidi.

Carmel alikuja mbio, amevaa helmeti tayari. Alielewa mara moja. Akasimama mbele ya mama yake, kati yake na wale watu, kama ukuta.

"Mama yangu hakujua," alimwambia Mfini kwa Kiingereza, akihema. "Hajui mambo haya. Tafadhali msimcheke. Hakujua."

Dative aliutazama mgongo wa mwanawe. Akageuka, macho yake yakakutana na ya Mzee Abdulsultan, mtu pekee mahali pale aliyejua kwamba Mama Carmel alijua. Sasa atasema, aliwaza. Sasa hivi, mbele ya watu wote, mbele ya mtoto. Tena binti yake ndiye anayegombea nafasi ile ile; kwa nini asiseme?

Mzee alivua kofia yake ya manyoya, akakuna kichwa.

"Kosa ni langu," alimwambia Mfini. "Kumweleza mama huyu ilikuwa kazi yangu. Sikumweleza vizuri."

Mfini aliwatazama wote wawili, akainua mabega. Hata hivyo sleji imetolewa, alisema. Sheria ni sheria. Akasogea kwenye sleji nyingine.

Carmel aliketi kwenye theluji. Alivua helmeti akaiweka mapajani, akaanza kuisugua kwa glavu mahali ambapo hapakuwa na uchafu. Hakulia. Na Dative, Mungu amsamehe, alihisi mbavu zake zikifunguka kwa mara ya kwanza wiki nzima. Aliinama akamshika bega.

"Twende nyumbani, mama," alimwambia, kwa jinsi mama wa kwao anavyomwita binti yake. "Nitakupikia maharage na ndizi. Mwaka ujao upo."

"Nitabaki kuangalia," Carmel alisema. "Nimwangalie Naheed."

Hapo Naheed mwenyewe akatokea, akiburuta sleji yake kwa kamba. Alikuwa amepangiwa kuteleza wa kwanza, nafasi ambayo kila mshindani aliitamani, kwa kuwa barafu inakuwa bado laini, haijachimbwa na vyuma vya wengine. Aliisimamisha sleji mbele ya Carmel.

"Inuka. Utatumia yangu."

"Na wewe?"

"Wataipandisha, nitateleza wa mwisho. Nimekwisha muuliza mpimaji: mwenye sleji akikubali, inaruhusiwa. Chukua na nafasi yangu."

Carmel alimtazama kama mtu aliyeambiwa kitu kwa lugha asiyoijua. Lakini Dative alielewa haraka kuliko yeye. Mbavu zikafungika tena, kwa kishindo.

"Wewe binti!" alisema, na sauti ilimtoka kali hata watu wakageuka. "Nani kakuomba?"

Naheed alishtuka. "Anti?"

"Nani kakuomba, nakuuliza! Si unataka kushinda? Basi shinda! Nenda ukashinde, utuache!"

"Nataka sana, Anti," Naheed alisema kwa upole, mashavu yakimwiva. "Lakini siwezi kumshinda mtu aliyekaa chini."

"Hiyo sleji Carmel haijui! Hajailalia hata siku moja!"

"Ndiyo maana namfundisha sasa hivi." Akapiga magoti kwenye theluji, akamvuta Carmel kwa mkono. "Sikiliza. Yangu inavuta kushoto. Kule juu ni kidogo tu, lakini ukiingia Sufuria inavuta kama mbuzi. Usiisubiri. Kandamiza mguu wa kulia mapema, mapema kuliko unavyodhani. Kila siku mimi mwenyewe nachelewa. Umesikia?"

"Mapema."

"Ukidhani ni mapema mno, umekwisha chelewa."

Dative alisimama juu ya vichwa vyao viwili vilivyokaribiana, na woga aliokuwa ameujua mpaka siku ile ukaonekana mdogo. Sleji ya Carmel, ile iliyolala pale kwenye theluji ikitoa mvuke, mtoto aliijua kama anavyojua kijiko chake. Kwa mikono yake mwenyewe Dative alikuwa amemwondoa kwenye kitu anachokijua, akamlaza juu ya kitu kinachovuta kushoto. Alifungua mdomo aseme yote. Akajiuliza yatabadilisha nini. Vyuma vitabaki vya moto, sleji itabaki imetolewa, na Carmel atashuka vilevile, ila sasa akiwa na jambo la mama yake kichwani mahali panapotakiwa kunyamaza.

Akaufunga mdomo. Akashuka mteremko akiteleza na kushikilia matawi, mpaka Sufuria. Mzee Abdulsultan alimfuata nyuma.

Walisimama kwenye kamba. Chini yao ukuta wa barafu ulikuwa mtupu, unang'aa, na juu yake, kwenye ukingo, palikuwa na ubao uliowekwa kuzuia theluji. Ule msonobari ulikuwepo. Mtu alikuwa amefunika mizizi yake kwa magunia ya majani makavu baada ya ajali, na magunia yale yalimtisha Dative kuliko mizizi yenyewe, maana yalionyesha kwamba watu walitarajia mwingine aanguke.

"Mzee," alinong'ona. "Kwa nini hukusema?"

"Mama Carmel, tumtazame kwanza mtoto."

Filimbi ikalia huko juu. Kwanza hapakuwa na kitu, upepo tu kwenye misonobari. Halafu ule mvumo, mbali, mwembamba, ukikua. Dative aliushika mkono wa koti la mzee bila kujua. Mvumo ulikuwa nyuki, ukawa kitambaa kinachochanwa, na Carmel akatokea kwenye mdomo wa kona, amelala bapa, mrefu, kidevu kimebanwa kifuani.

Mguu wa kulia ulikandamiza. Dative aliuona. Aliona pia kwamba umechelewa.

Sleji ikavuta kushoto. Ikapanda ukuta, ikapanda, kama ile nyingine ilivyopanda, na Dative akajua jinsi itakavyokuwa tupu. Alitaka kufumba macho, yakakataa. Chuma kikagonga ubao wa ukingoni kwa mlio uliopasua masikio, cheche ikaruka, cheche ya kweli kwenye baridi ile, na kwa kitambo mtoto wake hakuwa juu ya barafu wala juu ya kitu chochote. Kisha sleji ikaanguka ndani ya njia, ikayumba, upande mmoja, upande wa pili, na Carmel alikuwa bado juu yake. Wakapotea nyuma ya miti. Mvumo ukapungua. Palibaki unga wa barafu ukielea hewani, na mtu aliyekuwa akipiga kelele. Dative alikuja kutambua baadaye kwamba ni yeye.

Alikimbia. Alianguka mara moja, kofia ikabaki nyuma. Kule mwisho wa njia Carmel alikuwa ameketi juu ya sleji, miguu imetanda, akitetemeka mwili mzima na kucheka. Damu kidogo ilimtoka mdomoni alipojing'ata.

"Nimechelewa," alisema. "Alinionya na bado nimechelewa. Mama, umeona?"

Dative alimshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku, akamgusa shingo, mabega, mtulinga. Mifupa yote ilikuwa mahali pake.

Lakini Carmel hakuwa akimtazama tena. Alikuwa ameipindua sleji. Kwenye chuma cha kushoto, pale kilipogonga ubao, palikuwa na pengo kama jino lililomeguka. Carmel alipitisha kidole juu yake na kicheko kikaisha. Kulisawazisha kwa tupa baada ya vyuma kupimwa hakukuruhusiwa. Alinyakua kamba, akaipandisha sleji mwenyewe, mbio, wala hakumngoja wa kumsaidia.

Dative alipofika juu, akihema, aliwakuta wale wasichana wawili wameinama tena juu ya sleji.

"Nimekuharibia," Carmel alikuwa akisema.

"Si kitu."

"Si kitu vipi? Hapa, gusa."

Naheed aligusa. Kwa kitambo kifupi uso wake ulionyesha kila kitu, halafu akautuliza. "Nimegusa. Sasa niambie, ule ubao umejitokeza?"

"Umejitokeza, kiasi cha mkono. Usipande zaidi ya ile alama ya bluu ukutani. Na chini ya Sufuria pameshaanza kuchimbika upande wa ndani, pita nje. Nje, Naheed, hata kama ni mbali zaidi."

"Nje."

Wengine wote waliteleza kwanza. Naheed aliketi kandokando akingoja, helmeti magotini, na Dative, ambaye hakujua aende wapi, akajikuta yuko karibu naye. Aliona kwamba meno ya binti yule yanagongana.

"Una baridi?" aliuliza.

"Hapana, Anti. Naogopa." Naheed alijaribu kucheka. "Mimi huogopa kila mara. Carmel ndiye hana woga. Mimi tumbo linaniuma tangu jana yake."

"Na bado umempa sleji."

Jina la Naheed likaitwa, akainuka.

Alishuka vizuri. Alipita chini ya alama ya bluu, akapita nje kama alivyoambiwa, na chuma kilichomeguka kilikwaruza barafu njia nzima kwa sauti mbaya ya kukera, kama mtu anayekwangua ukoko kwenye chungu. Muda wake ulipotangazwa, Carmel alikuwa amemzidi, kwa tofauti ndogo isiyotosha hata kukonyeza jicho. Calgary ilikuwa ya Carmel.

Hakuna aliyeruka. Carmel alisimama ameweka mkono mdomoni. Naheed alipanda kutoka chini, akamkumbatia, akamwinua kidogo kutoka ardhini ingawa alikuwa mfupi kuliko yeye, na alipomweka chini alikuwa analia, na hakujificha. Baba yake alimvika blanketi mabegani, lile lile la Dative, akamwambia kitu kwa Kigujarati. Baadaye alimpita Dative akamwambia kwa sauti ndogo, "Nami nina mtoto pale pale kwenye barafu, Mama Carmel. Kila mbio." Hilo tu.

Mama na binti walikataa pikapu, wakapanda kwa miguu njia iendayo kwenye maghorofa. Carmel alivuta kamba. Sleji yao, ambayo sasa ilikuwa imepoa kama chuma kingine chochote, iliwafuata nyuma. Dative alitembea akitazama mbele. Alikuwa ameogopa vita, na kuvuka mpaka wa nchi, na kona ile, lakini woga wa sasa ulikuwa wa namna nyingine; ulikaa kimya kando yake, ukitembea kwa mwendo wake.

Karibu na ngazi Carmel alisimama. Akaikunjakunja kamba mkononi.

"Mzee Abdulsultan humweleza kila mtu habari za vyuma," alisema. "Hata wapita njia. Hata mbwa wao."

Dative aliitazama ngazi.

"Nimewaambia watu wote kwamba hukujua." Carmel alimtazama, mdomo wenye jeraha ukitetemeka kidogo. "Mama, ulijua?"

Gari moja lilipita huko juu, na theluji ikaporomoka kutoka kwenye tawi. Dative angeweza kusema hapana. Mtoto alimwachia nafasi; alikuwa karibu kumwomba aseme hapana.

"Nilijua," alisema. "Nilivipasha moto mwenyewe, ili usishuke."